Mashine imebaki, fundi ameondoka: ujuzi ulikwenda wapi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina kiwanda kidogo Mbagala, tunapuliza chupa za plastiki za maji na juisi. Mashine niliinunua China miaka miwili iliyopita. Fundi wao alikuja akaifunga, akawafundisha vijana wangu siku kumi na mbili, akaondoka kila kitu kikiwa sawa. Tangu hapo kila masika chupa zinatoka na vidoa kama ngozi ya chungwa, na asubuhi nyingine zinakuwa nyeupe mabegani. Yule fundi nimemrudisha mara mbili kwa tiketi na hoteli juu yangu. Anabonyezabonyeza, chupa zinatoka nzuri, anaondoka. Sasa wanataka kuniuzia mashine kubwa zaidi, na safari hii mkataba una kifungu cha "uhamishaji wa teknolojia". Kitanisaidia? Na kwa nini ujuzi haubaki kwa vijana wangu? Wanajituma kweli.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umewatetea vijana wako kabla sijawagusa, na umefanya vyema, maana hawana kosa. Hata yule fundi sioni kosa lake. Tatizo liko kwenye kazi uliyomlipa aifanye. Fundi wa kufunga mashine analipwa ili siku ya makabidhiano chupa zitoke safi, basi. Chochote kinachoharibika ndani ya siku zile kumi na mbili anakirekebisha chapuchapu, mara nyingi vijana wakiwa wamekwenda kula, kwa sababu ana ndege ya kuwahi. Kwa hiyo vijana wako wameiona mashine ikiwa nzima tu. Hawajawahi kukaa nayo ikiwa mgonjwa huku mwenye kuijua akiwa pembeni yao. Na kuijua mashine ni kuyajua magonjwa yake. Mashine nzima haimfundishi mtu zaidi ya kubonyeza kitufe cha kijani.

Nitafika kwenye mkataba. Ngoja kwanza tuzitazame chupa zako, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Chukua chupa mbili mbovu, moja ya saa moja asubuhi na nyingine ya saa tisa alasiri, uzisogeze dirishani. Kuna weupe wa aina mbili, na wengi huona mmoja tu. Wa kwanza unang'aa kama lulu, una mistari mistari, na hupenda kukaa mabegani na kwenye kitako. Huo ni wa prifomu (kile kichupa kinene cha plastiki kinachopashwa joto kisha kupulizwa kuwa chupa) iliyovutwa ikiwa bado baridi, plastiki ikachanika ndani kwa ndani vipande vidogo visivyoonekana. Wa pili hauna mng'ao, umekaa kama ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Huo ni wa prifomu iliyopikwa kupita kiasi mpaka ikaanza kufanya fuwele. Dawa zake zinapingana: wa kwanza unaongeza joto, wa pili unapunguza. Opereta asiyejua tofauti akiona weupe wa pili anaongeza joto, weupe unazidi, anaongeza tena, mpaka gunia zima la prifomu linakwisha.

Plastiki hii ya PET hupulizwa vizuri ikiwa kati ya nyuzi 90 na 110 hivi. Nafasi yenyewe ni ndogo. Sasa niambie, prifomu zako unazihifadhi wapi? Kama ni stoo ya mabati, alfajiri zina nyuzi 25, na alasiri chini ya bati la Mbagala zinapita 35. Tanuri lako linazipa zote joto lilelile kwa sekunde zilezile, kana kwamba zimetoka mahali pamoja. Fundi aliiseti mashine mchana, nina hakika karibu kamili. Kwa hiyo prifomu za asubuhi zinaingia kwenye kupulizwa hazijaiva, ndipo mabega yanapotoka meupe. Na umeme ukishuka kwa sehemu moja ya kumi, joto la taa za tanuri linashuka kwa zaidi ya hapo. Hilo nalo vijana walijue.

Vidoa vya ngozi ya chungwa ni maji. Kalibu, au moldi kama vijana wako wanavyoiita, inapoozwa na maji ya chila, ule mtambo wa kupoza maji. Kaitazame, nadhani utaikuta imewekwa nyuzi 10 au 12, kwa sababu ndivyo kitabu kinavyosema. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya ukumbi wenye hewa kavu. Dar es Salaam mwezi wa nne hewa imeshiba unyevu kiasi kwamba chuma chenye nyuzi 20 tu kinatoka jasho, kama soda iliyotolewa kwenye friji ikakaa mezani kwa mama lishe. Kalibu yako inatoka jasho hilohilo. Prifomu inapopulizwa humo kwa presha inayofika mara 30 ya hewa ya kawaida, inayagandamiza yale matone kwenye ukuta wa kalibu, na chupa inatoka na alama ya kila tone.

Ninavyokisia, fundi wako aliporudi mara zile mbili alipandisha joto la chila na kuongeza sekunde moja ya kupooza. Kazi ya dakika tano. Mvua zilipokwisha, mtu mwingine akairudisha chila pale kitabu kinapoagiza, na masika yaliyofuata mkaanza upya.

Katika yote hayo hakuna siri hata moja. Chupa ya PET ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1973, kwa jina la Nathaniel Wyeth, mhandisi wa DuPont. Muda wa hataza ile ulikwisha zamani, na hataza yenyewe ni waraka wa wazi: kanuni ya kuivuta plastiki kwa urefu na kwa upana ili iwe ngumu imeandikwa mle, na mtu yeyote anaweza kuisoma leo usiku bila kulipa kitu. Isome mara kumi. Haitakuambia kwamba kalibu itatoka jasho Mbagala mwezi wa nne. Ndiyo maana huwa nasita mtu akisema tumenyimwa teknolojia. Ipo iliyofungiwa, kwenye dawa na elektroniki hasa. Ila kwa viwanda vya ukubwa wako, kilichofungiwa ni kidogo sana. Tunachokosa ni kile kinachokaa machoni, masikioni na vidoleni, na hicho hakipakiwi kwenye kontena.

Waingereza walilijua hili mapema. Viwanda vyao vya nguo vilipoanza kuwatajirisha walikataza kwa sheria mafundi kuhama nchi, na mashine kuuzwa nje. Marufuku ya mafundi iliondolewa 1824, ya mashine 1843. Samuel Slater aliondoka marufuku ikiwa bado kali, mwaka 1789, akiwa na miaka 21, hana mchoro wala kipuri mfukoni. Alifika Pawtucket, Rhode Island, akamkuta mfanyabiashara aitwaye Moses Brown ambaye tayari alikuwa na mashine za kusokota nyuzi zilizoigwa za Uingereza. Mashine zilikuwapo, haziendi. Brown yule alikuwa na shida yako hasa. Alichokwenda nacho Slater ni zaidi ya miaka sita ya uanagenzi kwenye kiwanda cha Jedediah Strutt, miaka ya kuona nyuzi zikikatika na kujua kwa nini zimekatika. Alizifumua mashine za Brown na kuzijenga upya, na kabla mwaka 1790 haujaisha nyuzi zikawa zinasokotwa kwa nguvu ya maji.

Hapa kwetu tuna mfano wa upande wa pili. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa lengo la kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza nyingi Ulaya. Mitambo ilikuwa mipya na mikubwa. Kuta zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, huko Morogoro, kwenye joto lile. Uzalishaji haukuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Wakati wa kukichora hakukuwa na mtu wa kuuliza swali dogo la hali ya hewa, swali lilelile ambalo chila yako inauliza kila masika.

Nikueleze nilivyofundwa mimi. Nilianza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Mwalimu wetu upande wa kufuma alikuwa mzee wa Kichina ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno kama mia mbili, mengi ya vipuri. Kuna asubuhi tulikuwa tukifika tunakuta mtambo mmoja umegoma. Mzee kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, hasemi neno. Tunafungua, tunafunga, tunagombana. Inafika saa nne, saa tano. Basi anaingiza mkono mfukoni, anatoa springi moja, anaiweka juu ya meza. Aliitoa yeye jana usiku. Tulimkasirikia mno, mwenzetu mmoja akataka hata kumshtaki kwa meneja. Leo, miaka inakaribia arobaini, nikipita nje ya ukumbi wa kufuma naweza kusimama mlangoni nikajua kwa sikio kama springi ya kurushia shatoli, kile chombo kinachopitisha uzi, imelegea. Hakuna kozi iliyonipa hilo. Alinipa yule mzee, kwa kuniharibia mashine huku akiwa karibu.

Kiwanda nilichohamia baadaye kilileta mashine ya kutia vitambaa rangi. Tukapeleka mtu mmoja Ulaya miezi mitatu, akarudi hodari kweli. Mwaka haukuisha, wengine wakamchukua kwa mshahara mara mbili. Muda si mrefu sili moja ikakatika, na kwenye orodha ya vipuri ilikuwa na namba ya muuzaji tu, bila saizi wala jina la aliyeitengeneza. Muuzaji alikuwa ameshafunga biashara. Ile mashine ilifunikwa turubai, na nilipoondoka pale kuku wa mlinzi walikuwa wanatagia chini yake. Bado inaniuma.

Sasa kifungu chako. Nimesoma vingi vya namna hiyo, na kwa kawaida ni sentensi mbili: muuzaji atahamisha teknolojia kwa mnunuzi, na atatoa mafunzo ya kutosha. Maneno ya aina hiyo yamo hata kwenye makubaliano ya mataifa. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 1995, kifungu chake cha 66 kinazitaka nchi tajiri zizivutie kampuni zao kupeleka teknolojia kwenye nchi zilizo nyuma kimaendeleo, na Tanzania imo katika kundi hilo. Kipimo cha kujua kwamba teknolojia imefika hakimo mle, wala hakimo kwenye karatasi yako. "Ya kutosha" haipimiki. Kama kilivyo sasa, hakikusaidii.

Tena tazama nani anafaidika vijana wako wakijua. Mwaka 2003 kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani iliipa A to Z ya Arusha teknolojia ya chandarua cha Olyset bila kudai mrabaha. Ni teknolojia ngumu kidogo: dawa inachanganywa na plastiki kabla uzi haujavutwa, ili iendelee kujitokeza polepole kwa miaka. Vyandarua vilitengenezwa Arusha, kwa sababu aliyetoa naye alitaka vipatikane kwa wingi karibu na kwenye malaria. Mwalimu alishinda pale mwanafunzi aliposhinda. Muuzaji wako, kwa mpango wa sasa, analipwa kila vijana wako wanaposhindwa. Sisemi ana nia mbaya. Nasema mkataba umekaa hivyo, na mkataba unaweza kuubadilisha.

Kwanza, vijana wako wawili au watatu waende kiwandani kwake wakati mashine inaunganishwa, ikiwa bado ina mbavu wazi. Ikishafungwa vifuniko na kupakwa rangi, wataona kile walichokiona hapa. Pili, na hili ndilo nalililia kuliko yote: siku tano za mwisho za fundi atakapokuja Mbagala, haruhusiwi kuitengeneza mashine. Kazi yake ni kuiharibu. Alegeze valvu, achomoe sensa, avuruge mpangilio wa taa, aifungulie hewa yenye maji, halafu akae kimya vijana watafute. Orodha ya hitilafu muiandike pamoja kabla, ishirini hivi, na kila moja isainiwe siku kijana ameipata na kuitibu mwenyewe. Hicho ndicho kipimo. Atashangaa, maana hajazoea kuombwa hivyo, ila ni kazi nyepesi kwake. Na prifomu zitakazoharibika siku hizo uzihesabu kuwa ada ya shule.

Vingine ni vya kudai kwa maandishi. Programu ya mashine na neno lake la siri, maana nimeona kiwanda kizima kikisimama kwa sababu ya skrini inayodai tarakimu sita ambazo anazijua mtu mmoja aliye Guangzhou. Michoro ya umeme na ya hewa. Orodha ya vipuri yenye jina na namba ya mtengenezaji halisi wa kila beringi, sili na valvu, ili uweze kwenda nayo Gerezani au Kariakoo ukauliza kama mtu mwenye macho. Mkalimani naye awe anayejua mashine. Wengi wanaotafsiri mjini ni wazuri kwenye bei na mizigo, lakini neno "valvu" likigeuka kuwa "bomba" siku nzima ya mafunzo imepotea.

Kuhusu malipo, wauzaji wengi wa kule wanataka asilimia 30 kwanza na 70 kabla mzigo haujapanda meli. Ukimwomba akuachie sehemu ya bei mpaka masika yapite, yaelekea atakataa. Usigombane. Mwambie gharama ya mafunzo itoke kwenye bei ya mashine, iandikwe peke yake, na ilipwe orodha ya hitilafu itakapokuwa imesainiwa yote. Hilo nimeona wakilikubali.

Najua unachowaza: nikiwafundisha hivyo si wataondoka? Baadhi wataondoka. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ya Bangladesh ilipeleka wafanyakazi 130 Pusan, Korea Kusini, wakajifunze kushona kwenye kiwanda cha Daewoo kwa miezi sita. Ilipofika 1987, 115 kati yao walikuwa wameshaiacha Desh, wengi wakienda kuanzisha au kuendesha viwanda vingine vya nguo. Leo Bangladesh ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani, na mizizi ya hayo wengi wanaifuatilia hadi kwenye ile safari ya Pusan. Kwa nchi, kuondoka kwao kulikuwa heri. Kwa mwenye kiwanda kunauma, sikufichi. Ila alipeleka 130, wala hakumtegemea mmoja kama tulivyofanya sisi. Wafundishe watatu, kila mmoja awe na wa kumfundisha chini yake, na mshahara wa aliyeiva uupandishe kabla jirani hajaupandisha. Vyeti vyao usivishike, na mikataba ya kuwafunga usiiandike. Mtu aliyefungwa haangalii chupa dirishani.

Weka pia daftari kubwa la jalada gumu kando ya mashine. Tarehe, saa, mvua au jua, joto la stoo, chila iko ngapi, chupa ilikuwaje, tulifanya nini, ikawaje. Na kipande cha chupa mbovu kikatwe kibandikwe palepale kwa gundi ya karatasi, kwa sababu maneno "nyeupe kidogo" kila mtu anayasoma kivyake. Kama mkono wa kuandika ni mzito, pokea wanafunzi wa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wanapotafuta mahali pa kwenda fildi, uwape kazi ya kulijaza na kuchora mifumo ya mashine yenyewe. Ukihitaji kupima plastiki au chuma, TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda lililoanzishwa 1979, wapo Msasani, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana watu wa kukushauri pale Vingunguti.

Mashine kubwa usiinunue sasa. Kaa na hii mpaka masika moja yapite bila fundi kutoka nje, ndipo usaini.

Kwa hiyo leo anza na chila. Ipandishe nyuzi mbili mbili, kila mara mpulize chupa ishirini, mpaka kalibu iache kutoka jasho. Kitako cha chupa kikianza kuvimba au kushindwa kusimama mezani, umepita. Rudi hatua moja, ongeza sekunde ya kupooza, na kama jasho bado lipo itabidi kalibu ijengewe kiboksi chenye hewa kavu. Prifomu za kesho zilaze ndani karibu na mashine usiku kucha, zisitoke stoo moja kwa moja asubuhi.

Ila vijana usiwasomee jibu hili kwanza. Waite dirishani, wape zile chupa mbili, waulize wanaona weupe wa aina ngapi. Halafu vuta ndoo ukae.